Masomo ya Shule za Kutwa Mashambani Nakuru: Wito kwa Wazazi na Majirani

Shule ya upili ya kutwa ndiyo inayobeba watoto wa wakulima wadogo na vibarua katika Kaunti ya Nakuru, kuanzia mashamba ya ngano ya Njoro na Mau Narok hadi nyanda za viazi za Kuresoi na mabonde ya Subukia. Nyingi ya shule hizi zilizaliwa kwa harambee: wazazi walichanga, wakabeba mawe, wakainua madarasa, kisha wakaiomba serikali walimu. Kazi ile ilileta shule karibu na nyumbani. Iliyobaki, ambayo Wizara ya Elimu haitaikamilisha peke yake, ni kuhakikisha kwamba ndani ya madarasa hayo kuna masomo ya kutosha na yanafundishwa inavyostahili.

Jambo hili limekuwa la dharura tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipoingia Gredi ya 10. Zamani, chini ya mfumo wa 8-4-4, tofauti kati ya shule moja na nyingine ilionekana zaidi katika alama za mtihani wa kitaifa wa KCSE. Sasa tofauti inaanza mapema, katika orodha ya masomo yenyewe. Mwanafunzi husoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na Mafunzo ya Huduma kwa Jamii, kisha huongeza masomo matatu ya hiari, angalau mawili kati yake kutoka katika mkondo aliouchagua: STEM (yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Wizara imezitaka shule zote zitoe mkondo wa STEM pamoja na angalau mwingine mmoja. Lakini mkondo kusajiliwa ni jambo moja, kufundishwa ni jambo lingine. Shule isiyo na mwalimu wa Fizikia wala maabara inayofanya kazi huwa imemwamulia mtoto maisha yake kabla hajaulizwa anataka nini. Na hadi 2027, mwaka wa mwisho wa KCSE ya 8-4-4, walimu haohao wachache wanabeba mitaala miwili katika ua mmoja.

Kwamba shule ya kutwa ya mashambani inaweza kufundisha sayansi vizuri, Nakuru ina ushahidi ambao dunia nzima iliuona. Mnamo Machi 2019 mjini Dubai, Peter Tabichi, mtawa wa Shirika la Wafransisko na mwalimu wa Hisabati na Fizikia katika Shule ya Upili ya Keriko, kijiji cha Pwani, Njoro, alitunukiwa tuzo ya mwalimu bora duniani pamoja na dola milioni moja. Kwa maelezo ya Wakfu wa Varkey, waandaaji wa tuzo hiyo, Keriko ilikuwa na kompyuta moja, intaneti ya kubahatisha, na mwalimu mmoja kwa kila wanafunzi 58. Baadhi ya wanafunzi walitembea kilomita saba kwenda shuleni, kwa njia zisizopitika wakati wa masika. Hata hivyo idadi ya wanafunzi iliongezeka maradufu ndani ya miaka mitatu hadi kufikia 400. Mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 walijiunga na vyuo. Mwaka 2018, 26 walienda vyuo vikuu na vyuo vingine. Timu ya sayansi ilifuzu kwenda maonyesho ya kimataifa ya wanasayansi chipukizi huko Arizona, Marekani.

Yaliyoleta matokeo hayo yanaeleweka na yanaigika. Tabichi na wenzake wanne waliwafundisha wanafunzi dhaifu mmoja mmoja nje ya saa za darasa na siku za wikendi, wakawatembelea nyumbani, wakaimarisha chama cha sayansi. Kipo kipengele kimoja, hata hivyo, ambacho haifai kukigeuza kuwa sera: mwalimu huyo alitoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa jamii. Watoto wa Olenguruone, Elburgon na Rongai hawawezi kukaa wakingoja mtawa wa namna hiyo apangiwe shule yao. Alichokifanya mmoja kwa sadaka inapasa kifanywe na wengi kwa mpango.

Mpango unaanza na fedha, na hapa wazazi wana nguvu kuliko wanavyodhani. Tangu 2018 kiwango kilichowekwa na serikali kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Fedha hizo humfuata mtoto. Shule ya wanafunzi 1,500, ikilipwa kamili, hupata zaidi ya shilingi milioni 33. Ya wanafunzi 150 hupata milioni 3.3, na mara nyingi malipo huchelewa au hufika pungufu. Lakini gesi ya maabara na mshahara wa fundi sanifu havipungui kwa sababu shule ni ndogo. Kila mzazi mwenye uwezo anapomhamishia mwanawe shule ya bweni ya mbali, anaondoka na sehemu ya maabara ya watoto wa jirani yake. Uamuzi huo ni haki yake. Hata hivyo, wazazi ishirini wakikubaliana kubaki na wakadai masomo yaboreshwe, shule inabadilika.

Madai hayo yana mlango wake kisheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa wazazi viti sita katika bodi ya usimamizi ya shule, na kila mzazi ni mwanachama wa chama cha wazazi. Mikutano mingi humalizwa na karo, chakula na sare. Yafaa iulizwe pia: ni masomo gani ya hiari yana mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), ni yapi yanategemea mwalimu wa bodi anayelipwa na wazazi, na ni majaribio mangapi ya maabara yamefanyika muhula uliopita. Swali la mwisho ndilo zito zaidi, kwa kuwa umilisi usiopimwa kwa vitendo hubaki alama za karatasini tu. Milango isichanganywe pia. Katiba inazipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za upili ni za serikali ya kitaifa. Mwakilishi wadi anayeombwa maabara anaombwa kisicho chake, ilhali fedha za majengo zimekuwa zikipitia Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge, na wa kuulizwa ni mbunge.

Hata hivyo si busara kila shule ndogo ijengewe kila kitu. Shule mbili jirani zinaweza kugawana: moja iimarishe maabara ya Fizikia na Kemia, nyingine Kilimo na kompyuta, na wanafunzi wavuke kwa ratiba, hata kama ni Jumamosi. Kikwazo kikubwa mara nyingi ni kutoaminiana. Molo, Kuresoi na Njoro ziliumizwa na ghasia za 1992 na za 2007–2008, na bado kuna vijiji vinavyoiona shule ya upande wa pili kuwa ya watu wengine. Keriko, ambayo ilipokea watoto wa jamii saba, ilianzisha chama cha amani sambamba na cha sayansi, na mafanikio yake yalitokana na vyote viwili.

Njoro ina Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza kama shule ya kilimo mwaka 1939, na kituo cha utafiti ambako mbegu za ngano kutoka nchi nyingi hupimwa dhidi ya kutu ya shina. Wahadhiri na watafiti hao ni majirani wa shule zisizo na darubini. Bodi za shule ziwaandikie barua, nao wafungue milango. Waliosoma katika shule hizi na sasa wana kazi warudi kufundisha siku moja kwa mwezi. Wazazi wahudhurie mkutano wa kwanza wa muhula, wakiwa na orodha ya masomo mkononi, na wasikubali uahirishwe.