UTAFITI UFIKE VITANDANI

Dawa isiyotoka kabatini haimponyi mgonjwa. Vivyo hivyo utafiti unaobaki katika vitabu vya wataalamu hauwafai wananchi waliokubali kutoa damu yao ipimwe.

Twajua kuwa jambo hili lawezekana. Kuanzia mwaka 1997 wataalamu wa Ifakara walieneza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, wakiwatumia wenye maduka na viongozi wa vijiji kuviuza kwa bei nafuu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa vyandarua hivyo viliongeza kunusurika kwa watoto kwa asilimia 27. Mwaka 2004 Serikali ikaanzisha hati punguzo kwa wajawazito.

Lakini mbu naye hakulala. Ameizoea dawa ya zamani. Utafiti wa Misungwi, mkoani Mwanza, uliotangazwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa chandarua kilichoongezewa dawa ya klorofenapiri huwakinga watoto zaidi kuliko kile cha zamani.

Basi wataalamu wametimiza wajibu wao; wajibu uliobaki ni wetu. Serikali itenge fedha za kununua vyandarua hivyo kabla ya kungoja hisani ya wageni. Viongozi wa matawi nao wahesabu vitanda nyumba kwa nyumba, na yeyote anayegeuza chandarua kuwa wavu wa kuvulia samaki aonywe bila kuonewa haya.

Wananchi walitoa damu yao. Haki yao si makala, ni chandarua.