Kompyuta Haisomi kwa Niaba Yenu

Wanafunzi wapendwa, wapo wanaosema kuwa aliyezoea kompyuta hana haja tena ya kukaa mbele ya ubao akijifunza herufi za Kiarabu. Mimi napinga.

Tuchukue mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Mengi yangepotea lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Leo karatasi za Taylor zimehifadhiwa katika chuo cha SOAS, London, na picha za miswada mingi ya Kiswahili iliyoko huko hufunguliwa kwa intaneti bila malipo, hata hapa Nyamagana.

Lakini kufungua si kusoma. Katika miswada ya zamani herufi ba iliweza kuwa b, p au mb. Basi neno lile lile laweza kusomeka bata, pata au mbata. Kompyuta itakuza picha tu. Neno sahihi atalitambua msomaji kwa kufuata maana na vina vya shairi. Wenzenu wengi wa shuleni hawawezi hata kuanza, bali ninyi mliomaliza Juzuu Amma herufi mnazo.

Nashauri darasa la wakubwa lichapishe ukurasa mmoja wa utenzi, liusome pamoja na mwalimu, kisha liuandike kwa herufi za kirumi. Ukurasa mmoja kwa mwezi unatosha. Tusipofanya sisi tunaozijua herufi hizi, nani atafanya?