Msiniambie Ni Historia

Wakusanyaji wa silaha za vita hupenda kusema hawanunui chuma, wananunua historia. Mimi nasema huo ni uongo, na ushahidi wangu ni bei zao wenyewe.

Chukua Luger, ile P08 iliyoingia jeshi la Ujerumani mwaka wa 1908 na kutumika katika vita vyote viwili vya dunia. Mnunuzi mjuzi akiishika haulizi imepita wapi. Anatafuta nambari. Bastola ilichapwa nambari yake kwenye fremu, kisha tarakimu za mwisho zikarudiwa kwenye vipande vidogo vidogo, hata kifyatulio. Zikilingana zote, bei inapanda. Kipande kimoja kikiwa cha bastola nyingine, hata kama fundi wa jeshi alikibadilisha vita vikiendelea, bei inaporomoka. Na ukiwa na magazini yake ya awali, yenye nambari ileile, hapo ndipo macho huwatoka.

Halafu rangi. Ile rangi ya kiwandani, bluu inayokaribia weusi, hukadiriwa kwa asilimia: 95, 80, 40. Hulika kwanza kwenye ncha ya mtutu na kwenye kingo, mahali chuma kinaposuguana na mkoba wa ngozi, na mjuzi huangalia hapo kabla ya kwingine. Ukiipaka upya ing'are, umeiharibu. Kingo zilizolainika, mashimo ya kutu chini ya rangi mpya, herufi zilizofifia: hivyo ndivyo unavyoshikwa.

Ujuzi huo ni halali, sibishi. Kuna matapeli wanaofuta nambari na kuchapa nyingine ili zilingane. Ugomvi wangu ni hilo neno historia. Manake hebu fikiria: bastola ya bei ya juu ni ile iliyolala mkobani vita vizima. Iliyokula matope na jasho la mkono, ikavunjika pini ikapewa nyingine, hiyo wanaiita ya kupigia shabaha tu. Historia ikiigusa, inashushwa bei. Sasa hiyo ni biashara ya historia ama ya kukosa historia?

Haya nayajua kwa sababu niliwahi kuandika miongozo ya wanunuzi, nikiwa nimeacha chuo na kodi inanidai. Mteja wa ng'ambo alilipa kwa neno. Akataka niongeze "hadithi kidogo," nami nikaandika aya kuhusu vita vilivyofika kwetu. Ikakatwa, eti haimsaidii mnunuzi. Aya iliyobaki ni ya mwanajeshi wa Marekani aliyerudi nyumbani na bastola, pamoja na karatasi iliyotiwa sahihi na mkubwa wake. Karatasi hiyo huongeza bei. Aliyenyang'anywa bastola, jina lake halina mnunuzi.

Aya iliyokatwa naiweka hapa, bure. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza waliandikisha Waafrika kwa mamia ya maelfu wabebe mizigo ya jeshi, wakimfukuza Lettow-Vorbeck. Magonjwa na njaa viliwaua kuliko risasi. Mwaka wa 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti kwamba takriban watu 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na pengine hadi 350,000, hawakuwekewa kumbukumbu kwa majina yao, ama hawakuwekewa kabisa. Sanamu ya shaba pale Kenyatta Avenue inamwonyesha mchukuzi pamoja na askari, lakini haina jina la mchukuzi hata mmoja. Kilichobaki ni mitaa: Kariakor hapa Nairobi, Kariakoo kule Dar es Salaam, yaani Carrier Corps kwa ulimi wetu. Kifyatulio kina nambari yake, wee, na mtu mzima hana jina!

Pimeni rangi, linganisheni nambari, pesa ni zenu. Lakini mkiandika "historia" kwenye tangazo la mnada, andikeni pia bastola ilitoka mkononi mwa nani, na ni nani waliobeba masanduku ya risasi. Kama hamna habari hizo, futeni hilo neno, mbaki na asilimia zenu.