Nchi, Dola na Jina la Tanganyika: Maoni Kuhusu Lugha ya Mjadala wa Muungano

Utangulizi

Mwezi Julai 2008, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliyekuwa Mbunge wa Mpanda Mashariki, alijibu swali Bungeni kwa kusema kwamba Zanzibar si nchi. Jibu hilo lilizua mtafaruku mkubwa Unguja na Pemba. Wanasheria walifungua katiba zao na wanasiasa walipanda majukwaani. Sauti ambayo haikusikika vya kutosha ni ya wataalamu wa Kiswahili, ingawa ugomvi wenyewe ulihusu maana ya neno moja la lugha yao.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, mjadala kuhusu hadhi ya Zanzibar, tangu madai ya serikali tatu hadi madai ya kujitoa kabisa katika Muungano, umefanywa mgumu zaidi kwa kulibebesha neno nchi maana ambazo haliwezi kuzibeba zote kwa wakati mmoja. Pili, Mzanzibari hawezi kujibiwa kwa haki iwapo mshirika wake wa mwaka 1964 hana jina. Jina hilo bado lipo, na miongoni mwa mahali linapotumika rasmi ni Mkoa wa Katavi.

Neno nchi na majirani zake

Nchi ni neno la asili ya Kibantu. Maana yake ya msingi ni ardhi. Ndiyo maana twasema nchi kavu tunapoitofautisha na bahari. Kutokana na maana hiyo likapatikana wazo la eneo lenye watu wake, mila zake na wenyewe. Hapo ndipo lilipozaliwa neno mwananchi, yaani mwana wa nchi. Maana ya tatu, ambayo imepata nguvu zaidi katika zama za uhuru, ni ile ya eneo lenye mamlaka kamili mbele ya mataifa mengine na kiti katika Umoja wa Mataifa.

Kwa maana hiyo ya tatu, Kiswahili kinalo neno jingine, nalo ni dola, lililotokana na Kiarabu. Tunayo pia maneno serikali na taifa. Serikali ni chombo cha kutawala. Taifa ni watu wanaojiona kuwa wamoja. Dola ni mamlaka kuu isiyo na nyingine juu yake. Lugha yetu haina upungufu wa istilahi katika jambo hili. Upungufu uko kwetu sisi tunaozitumia.

Tukiyazingatia hayo, tunaona kwamba mwaka 2008 watu wawili walisema Kiswahili sanifu na wasielewane. Waziri Mkuu alilitumia neno nchi kwa maana ya dola. Msikilizaji wa Mkoani au Makunduchi alilisikia kwa maana ya pili: mahali alipozikwa babu yake, penye bendera, Rais na Baraza la Wawakilishi. Kwa huyu, kuambiwa kwamba Zanzibar si nchi ni sawa na kuambiwa kwamba yeye si mwananchi wa mahali popote.

Mgongano huo umeingia hata katika sheria kuu. Ibara ya 1 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inatamka kwamba Tanzania ni nchi moja. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, baada ya marekebisho ya mwaka 2010, inatamka kwamba Zanzibar ni nchi, na kwamba ni moja kati ya nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Mtu akishikilia kwamba neno nchi lina maana moja tu, basi katiba mojawapo inasema uongo. Akikubali kwamba lina maana zaidi ya moja, zote mbili zaweza kuwa na ukweli: Tanzania ni dola moja iliyoundwa na nchi mbili. Hati za Muungano za mwaka 1964 zenyewe zilizungumzia jamhuri mbili kuungana na kuwa jamhuri moja yenye mamlaka kamili.

Hatudai kwamba ugomvi wote ni wa maneno. Marekebisho hayo ya 2010 yalimpa pia Rais wa Zanzibar uwezo wa kuigawa Zanzibar katika mikoa na wilaya, na hilo ni suala la madaraka. Mambo ya Muungano yalikuwa 11 mwaka 1964, yakaongezeka hadi 22; nalo pia ni suala la madaraka. Hoja yetu ni kwamba maswali hayo ya kweli hayawezi kujadiliwa vema ikiwa kila kikao kinaishia katika kubishana kama Zanzibar ni nchi au si nchi.

Jina lililobaki Katavi

Tanganyika ilikuwa jina la ziwa kabla ya kuwa jina la nchi. Waingereza walilipa koloni waliloliteka kutoka kwa Wajerumani jina hilo mwaka 1920. Likawa jina la dola huru tarehe 9 Desemba 1961, na la jamhuri mwaka mmoja baadaye. Tarehe 26 Aprili 1964 jamhuri hiyo iliungana na Jamhuri ya Watu wa Zanzibar, na kabla ya mwaka huo kwisha, jina Tanzania lilikwishapatikana. Tangu hapo Katiba inasema Tanzania Bara, ikieleza kwamba ni eneo ambalo zamani lilikuwa la Jamhuri ya Tanganyika. Jina likarudi ziwani lilikotoka.

Hata hivyo, halikubaki majini tu. Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na wilaya zake kupangwa upya katika miaka iliyofuata, mojawapo ya wilaya hizo ilipewa jina la Tanganyika. Leo mkazi wa Karema, Ikola au Mishamo anaweza kusema kwamba anatoka Tanganyika bila ya kumshtua afisa yeyote. Neno lililopokewa kwa hofu Bungeni mwaka 1993, pale wabunge 55 walipotaka kuundwa kwa Serikali ya Tanganyika, limeandikwa kwenye vibao vya ofisi za halmashauri, na Muungano haukutetereka.

Mishamo inatupa funzo jingine. Yeye na jirani yake Katumba ni makazi yaliyopokea wakimbizi kutoka Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972. Kuanzia mwaka 2014, zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu, mkoani Tabora, walipewa vyeti vya uraia. Walichopewa ni uraia wa dola ya Tanzania. Hakuna hadhi ya Utanganyika waliyoweza kupewa, kwa kuwa sheria haiitambui. Uzanzibari, kwa upande wake, una sheria yake tangu mwaka 1985. Hapa ndipo ulinganifu unapokosekana: upande mmoja una jina, sheria na mamlaka ya kujitaja, upande mwingine umejificha ndani ya jina la wote wawili.

Sarufi yetu inaliweka jambo hili wazi. Nomino muungano inatokana na kitenzi ungana, ambacho kina kiambishi cha kutendana. Kutendana huhitaji watendaji wawili au zaidi. Tukisema kwamba Zanzibar imeungana, msikilizaji huuliza mara moja: na nani? Jibu la kawaida, kwamba imeungana na Tanzania Bara, halitoshelezi, kwani Tanzania ni matokeo ya tendo na si mtendaji. Kutokana na pengo hilo, Mzanzibari huona kwamba ameungana na kitu kikubwa kilichokwisha kummeza.

Historia ya mahali pengine inafanana na yetu. Misri na Syria zilipoungana mwaka 1958, majina yote mawili yaliondolewa, ikabaki Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu. Syria ilijitoa mwaka 1961, lakini Misri iliendelea kuitwa kwa jina la muungano hadi mwaka 1971. Mshirika mkubwa alikuwa amelivaa jina la wote kiasi kwamba hata mwenzake alipoondoka hakuona haja ya kulivua.

Pingamizi

Mwalimu Nyerere aliyapinga madai ya mwaka 1993 kwa nguvu zake zote. Aliona kwamba serikali ya Tanganyika, kwa ukubwa wake, ingeua Muungano. Hoja hiyo ina uzito. Katika sensa ya mwaka 2022, Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773 kati ya Watanzania 61,741,120. Katavi peke yake, ambayo ni mojawapo ya mikoa yenye watu wachache huko Bara, ilikuwa na zaidi ya milioni 1.1. Mtu wa Mpanda, ambaye wilaya yake imewahi kuwa chini ya Tabora, kisha Rukwa, sasa Katavi, aweza kuuliza kwa nini visiwa viitwe nchi na kwao paitwe mkoa.

Jibu ni kwamba Mpanda haikuwahi kutia saini mkataba. Hadhi ya Zanzibar haitokani na wingi wa watu bali na tendo la mwaka 1964. Na hofu ya Mwalimu ilihusu serikali ya tatu, jambo ambalo tume za Nyalali, Kisanga na Warioba zililipendekeza na ambalo Bunge Maalumu la mwaka 2014 lililikataa. Makala haya hayatoi hukumu juu ya idadi ya serikali. Yanasema tu kwamba kutaja si kutenganisha. Uskochi huitwa nchi na Waingereza wenyewe, na wapigakura wake walipoulizwa mwaka 2014 kama wanataka uhuru, zaidi ya asilimia 55 walikataa. Hawakuhitaji kwanza kuthibitisha kwamba wapo.

Hitimisho

Wale wanaotaka Zanzibar ijitoe wanayo haki ya kujibiwa kwa hoja za uchumi, ulinzi, udugu na historia, na wale wanaoutetea Muungano wanazo hoja hizo. Kuwajibu kwa kuwanyang'anya neno nchi ni kuwapa malalamiko ambayo hawakuwa nayo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tunapendekeza kwamba katiba yoyote itakayoandikwa siku zijazo itenganishe nchi na dola, izitaje nchi zote mbili kwa majina yake, na kwamba wanaisimu wa Kiswahili wawemo katika kamati ya uandishi tangu siku ya kwanza, badala ya kuitwa mwishoni kusahihisha tahajia. Ikiwa jina la Tanganyika linaweza kukaa kwa amani katika wilaya ya Katavi, linaweza pia kukaa kwa amani katika sentensi moja ya Katiba.