Gor Mahia Imefufuka, Lakini Daftari Liko Wapi?

Majuzi, hapa Kware, mwanafunzi wangu mmoja alibisha kwa ukali kwamba Gor Mahia haijapata kuwa timu dhaifu tangu iundwe. Sikumlaumu. Kijana huyo alianza kuifuata kandanda wakati K'Ogalo wakibeba vikombe mfululizo, na mtoto hawezi kukumbuka njaa iliyopita kabla hajazaliwa. Sisi tulioiona ndio tulionyamaza, na kunyamaza kwetu ndiko kulikonisukuma kuandika haya.

Klabu hii iliundwa mwaka 1968 na kutwaa ubingwa wa Kenya mwaka huo huo. Mwaka 1976 ilinyakua ligi pasipo kushindwa mchezo hata mmoja. Kisha ukaja mwaka 1987. Gor ilitoka sare ya 2-2 na Espérance mjini Tunis, ikatoka sare ya 1-1 nyumbani, na kwa mabao ya ugenini ikachukua Kombe la Washindi barani Afrika. Mimi nilikuwa mvulana mdogo, sikio limegandamana na redio ya jirani. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la Afrika.

Baada ya ubingwa wa 1995, kukawa kimya. Miaka 18! Kombe lilikwenda kwa watengenezaji pombe wa Tusker, likahamia kwa Oserian, timu ya shamba la maua, likachukuliwa na wanajeshi wa Ulinzi, kisha likafika kwa wakulima wa miwa wa SoNy. Tazama, ndugu msomaji, orodha hiyo inavyosema. Timu hizo zilikuwa na mwajiri anayelipa mshahara mwisho wa mwezi. Gor ilikuwa na umati, nyimbo na ugomvi wa viongozi usiokwisha. Mchezaji mwenye mke na watoto hawezi kupika nyimbo.

Wengi husema klabu iliuawa na viongozi. Sikatai, lakini mgala muuwe na haki yake umpe. Katika miaka hiyo nilikuwa nikitembea kutoka huku Eastlands hadi uwanja wa City, ule ulio kando ya Barabara ya Jogoo ambao tangu 2019 huitwa kwa jina la Joe Kadenge. Mara nyingine niliruka ukuta. Mara nyingine nilimpa mlinzi wa mlangoni nusu ya kiingilio, akanipitisha bila tikiti, nami nikajiona mjanja. Halafu jioni nilikuwa wa kwanza kulalama kwamba wachezaji hawajalipwa. Fedha ile niliila mimi na mlinzi.

Ufufuo ulianza polepole. Mwaka 2012 ubingwa uliponyoka siku ya mwisho ya ligi, ukaenda Tusker. Mwaka 2013 ukarudi, na mwaka 2015 timu ikarudia muujiza wa 1976 kwa kumaliza ligi bila kushindwa. Mwaka 2019 ilifika robo fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Tulifurahi mno hata hatukuuliza sana fedha zinatoka wapi. Sehemu kubwa ilitoka kwa kampuni ya kamari, na ilipojiondoa mwaka huo wa 2019, mishahara ikaanza tena kuchelewa. Mimi mwalimu linanikera jambo hili kwa sababu nyingine pia: wapo vijana wa mtaa huu wanaocheza kamari kwa nauli ya shule, huku jezi waipendayo ikiwa ndiyo tangazo.

Lililonitia uchungu zaidi ni la 2023. Gor ilikuwa bingwa wa Kenya, imeshinda uwanjani kwa jasho, lakini haikucheza Ligi ya Mabingwa wa Afrika kwa kuwa haikupata leseni, maana ilikuwa na madeni ya wachezaji. Bingwa alifungiwa mlango na karatasi! Mwaka uliofuata ikatwaa ubingwa wake wa 21, na kelele za furaha zikafunika suala hilo.

Ndiyo maana nasema ufufuo huu haujakamilika. Klabu ambayo watu wengi mno huiita yao ingeweza kujilisha kama kila mwenye jezi ya kijani angekuwa mwanachama mwenye kadi, analipa ada ndogo kila mwaka, na ana haki ya kusomewa hesabu zilizokaguliwa. Bila daftari la wanachama, mkutano mkuu ni wa yeyote aliyefika mapema akiwa na sauti kubwa.

Walimu wenzangu wa hesabu wana mfano mzuri hapa. Wawape wanafunzi idadi ya watazamaji na bei ya tikiti, kisha wawaulize kiasi kilichopaswa kufika benki. Yule kijana wangu nilimpa swali hilo. Alipopata jibu aliniuliza kama mimi nina kadi ya uanachama. Sina, na nilimwambia hivyo.