SEVA KUZIDIWA SIYO KIKI, NI UZEMBE!

Wadau, mjini kuna fasheni mpya. Siku hizi staa hajakamilika mpaka awe na aplikesheni yake. Uzinduzi hotelini, zulia jekundu lipo, keki ya umbo la simu ipo, MC anapiga kelele. Tiketi za shoo zinafunguliwa saa mbili usiku. Saa mbili na dakika tano, kila simu ni kiduara kinazunguka tu. Baadaye staa anaibuka na posti: eti mashabiki wamempenda kupita kiasi mpaka seva imezidiwa. Chini yake makopakopa kibao, anaambiwa yeye ni moto.

Moto gani? Muulizeni dada aliyebonyeza "Lipa", simu ikaganda, akabonyeza tena. Meseji za makato zimeingia mbili, elfu thelathini mara mbili, na tiketi hata moja hana. Akilalamika kwenye komenti anaambiwa ana wivu. Akienda inbox hajibiwi. Na hiyo ilikuwa nauli yake ya kwenda kazini.

Hilo tatizo lina dawa ya siku nyingi. Kila oda inapewa namba yake kabla hela haijaguswa. Mtu akibonyeza hata mara kumi, namba ni ileile, mfumo unajua oda ni moja, unakata mara moja na kumpa jibu lilelile. Haihitaji bajeti ya zulia jekundu. Inahitaji fundi apewe muda wa kukaa chini na kufikiri.

Shida ndo hapo. Meneja anampa fundi wiki mbili, nusu ya malipo, na sharti kwamba rangi zifanane na kava la albamu. Matokeo yake video, picha, tiketi na malipo vyote vinapikwa kwenye sufuria moja. Watu wakijazana kuangalia video, malipo nayo yanakufa. Mfumo wa kueleweka unavitenganisha: video ikikwama, anayelipa anaendelea kulipa. Watu wakizidi wanapewa foleni yenye namba kama benki, siyo kusukumana mlangoni kama daladala ya jioni. Na kabla ya uzinduzi, mafundi wanautwanga mfumo kwa maombi ya majaribio, maelfu kwa maelfu, waone unavunjikia wapi. Bora uvunjike siku hiyo kuliko siku ambayo hela za watu zimo ndani.

Watetezi watasema hata Marekani yanatokea. Ni kweli. Novemba 2022 Ticketmaster walifungua tiketi za ziara ya Taylor Swift. Mashabiki milioni 3.5 walikuwa wamejiandikisha, milioni 1.5 wakapewa kodi za kununulia, lakini mfumo ukapigwa na maombi bilioni 3.5, roboti zikiwemo. Pamoja na foleni yao, watu walikwama kwa masaa. Mauzo ya umma ya tarehe 18 yakafutwa.

Ila angalia kilichofuata. Januari 2023 bosi wa kampuni mama aliketishwa mbele ya kamati ya Seneti, akaulizwa maswali huku kamera zinawaka. Hakuna aliyemtumia makopakopa. Kule, kuzidiwa kulikuwa kesi. Huku, kuzidiwa ni sifa.

Na kwa nini mastaa wajirekebishe, wakati kila wakianguka wanapigiwa makofi? Shabiki anayeshangilia seva kufa ndiye anayelipia ile keki.

Kwa hiyo siku staa mwingine akitangaza aplikesheni yake, msiulize nani ataimba kwenye uzinduzi. Ulizeni hela ikikatwa mara mbili inarudi baada ya siku ngapi, na namba ya kupiga ni ipi. Akikosa jibu, subirini tiketi za mlangoni.

Imeshakukuta? Skrinshoti ya makato unayo? Funguka hapo chini!