Goma: Samaki betta hahitaji mto ndani ya tangi

Mara nyingi mtu wa Goma anayeweka tangi la samaki sebuleni au kwenye mapokezi ya ofisi hutaka kwanza kuona maji yakitoa mapovu. Pampu ikivuma na maji yakizunguka kwa nguvu, wageni husifu. Kwa samaki wengi hilo halina ubaya mkubwa. Kwa betta, yule mdogo mwenye mapezi marefu kama shela ya bibi harusi, ni mateso ya mchana na usiku, na wanaomfuga wanapaswa kuacha kuyaita mapambo.

Asili ya betta ni Thailand na nchi jirani zake, katika mashamba ya mpunga, vinamasi na mifereji yenye majani mengi, mahali ambapo maji karibu hayatembei. Maji kama hayo yana oksijeni kidogo. Ndiyo sababu samaki huyu ana kiungo cha pekee kichwani, juu ya matamvua, kinachomwezesha kuvuta hewa kwenye uso wa maji. Wakaaji wa Kivu wanalijua jambo hilo kupitia kambale, ambaye hukaa sokoni ndani ya beseni lenye maji kidogo na bado yu hai, wakati tilapia angekuwa amekwisha kufa. Betta naye ni wa namna hiyo. Mapovu ya pampu hayamletei pumzi aliyokosa.

Yanachomletea ni kazi. Yale mapezi marefu hayakutoka porini. Ni binadamu aliyeyatafuta, akichagua wazazi kizazi baada ya kizazi, na betta wa porini ana mapezi mafupi. Kuyakokota mapezi hayo dhidi ya mkondo ni sawa na kusukuma chukudu iliyojaa makaa kupanda mlima kutwa nzima. Samaki aliyechoka hujibana kwenye kona au nyuma ya jani, hukunja mapezi, huacha kula. Mapezi yake huanza kupasuka, hasa yakivutwa na mdomo wa pampu. Dume hujenga kiota cha povu juu ya maji, na mkondo hukivunja kila mara. Halafu anakufa, na mwenye nyumba anasema samaki hawa hawadumu.

Wengine, wakishajua hayo, huondoa chujio kabisa na kumweka betta ndani ya bakuli. Hapa Goma kosa hilo ni baya kuliko la kwanza. Uchafu wa samaki hutoa amonia, na ukali wa amonia hutegemea maji yenyewe. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi nyingi na pH yake juu ya ziwa inakaribia 9. Katika pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Katika pH 9, ikiwa joto ni nyuzi 25, hupita asilimia 30. Uchafu uleule, samaki yuleyule, lakini sumu imeongezeka mara nyingi. Kwa hiyo chujio ni lazima. Kinachotakiwa kupunguzwa ni nguvu yake.

Hesabu si ngumu. Tangi dogo linalomfaa betta mmoja ni la lita 20 hivi, yaani bidoni moja ya manjano. Pampu iliyoandikwa lita 200 kwa saa huyapitisha maji hayo mara 10 kila saa. Ni nyingi mno. Aliyekwisha kuinunua hana haja ya kuitupa. Anaweza kugeuza bomba la kutolea maji lielekee kioo, kulifunika kwa kipande cha sifongo, au kukata chupa ya plastiki na kuifunga pale ili maji yasambae. Mdomo wa kuvuta nao ufungwe sifongo. Kisha amtazame samaki: akiweza kusimama katikati ya tangi bila kupigana, inatosha.

Anayeanza upya afadhali achukue chujio la sifongo linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa, yenye kifungo cha kupunguza mapovu. Bei yake huwa ndogo, na linaufaa mji ambako umeme hukatika. Ndani ya chujio huishi bakteria wanaogeuza amonia, nao wanahitaji maji yenye oksijeni. Umeme ukiondoka, lile chujio la kufungwa kama sanduku huwaua kwa kuwakosesha hewa, wakati sifongo iliyo wazi ndani ya tangi huwavumilisha zaidi.

Kuna atakayeuliza kama huu ni wakati wa kuzungumzia samaki wa mapambo. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano, Goma ilikaa siku kadhaa bila umeme na bila maji ya bomba, watu wakarudi ziwani na bidoni zao. Swali ni la haki. Lakini jibu lake limo ndani ya bidoni ileile: tangi lisilo na chujio zuri hudai maji mapya kila mara, na katika nyumba nyingi maji hayo amebeba mtoto au mama. Chujio la polepole linalofanya kazi sawasawa huruhusu kubadilisha robo tu ya maji kwa juma.

Maji hayo yaliyotolewa ndiyo ya kuoshea sifongo. Maji yaliyotiwa klorini kwenye vituo vya kuchotea, kwa ajili ya kuzuia kipindupindu, huwaua bakteria na kuunguza matamvua. Yaachwe wazi siku nzima kabla ya kutiwa tangini.

Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, chujio la kufungwa lisiwashwe papo hapo. Lifunguliwe, linuswe. Likinuka kama yai bovu, maji yaliyolala ndani yamwagwe nje na sifongo isuuzwe kwanza, la sivyo uozo wote utaingia kwa samaki katika dakika ya kwanza.